Risasi Ndani ya Mpingo

Tulimwacha Mama Sleti kando ya msumeno, mkono wazi, akitazama kitu kilichokatiza kazi ya asubuhi nzima. Risasi. Imebonyea kichwa, imekaa kiganjani kama punje ya hindi. Na kwenye risasi hiyo umenasa uzi wa sufu, rangi ya kijani.

Uzi ule aliujua. Aliufuma yeye.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, shika haya matatu tu tuendelee. Mama Sleti ni mjane. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi yake, kupanga vipande vya sleti, lile jiwe la kijivu linalobanduka tabaka tabaka, hadi vigeuke picha juu ya meza. Mumewe alikuwa dereva wa lori la magogo, na aliambiwa kwamba lori lilipinduka huku dereva amelewa chakari. Na gogo la mpingo lililovunja msumeno leo lilitoka kwenye lori hilohilo.

Jeneza lililetwa limepigwa misumari. "Usimwone," walimwambia. "Ajali imemharibu sana." Siku aliyoondoka, mume alivaa sweta ya kijani.

Sasa twende.

"Shemeji," Mama Sleti aliita taratibu. "Hebu njoo uone."

Mdogo wa marehemu alikuwa upande wa pili wa gogo. Alikuwa utingo wa kaka yake, na hadi leo watu wote humwita Utingo. Hakusogea.

"Njoo, nimesema."

"Chuma tu hicho, shemeji. Wawindaji hao. Porini watu wanapiga ovyo."

"Wawindaji wa sweta?"

Utingo alianza kufagia unga wa mbao kwa mguu.

"Gogo hili lilikuwa nyuma ya lori?"

"Ndiyo."

"Na kaka yako alikuwa mbele, kwenye usukani."

"Ndiyo, shemeji. Mara ngapi tena?"

"Basi niambie sweta yake iliingiaje ndani ya gogo."

Nje fundi wa jirani alikuwa akigonga mabati, na kila pigo Utingo alishtuka kama anagongwa yeye.

Mlango wa chumba cha vanishi ulifunguka. Mzee Randa alitoka akijifuta mikono kwa kitambaa. Ndiye mwenye karakana, baba wa marehemu na wa Utingo, mtu aliyelainisha mbao tangu meno yake yote yakiwa mdomoni.

"Mkanda wa msumeno umekatika?" aliuliza. "Umegonga nini?"

"Angalia mwenyewe, baba."

Mzee aliichukua risasi akaenda nayo dirishani. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi. Aliitazama kwa muda mrefu mno. Mama Sleti alisubiri apige kelele, aanguke, amwite Mungu wake.

Mzee Randa alifumba ngumi, akaitumbukiza risasi kwenye mfuko wa aproni yake.

"Fungeni mkanda mwingine," alisema. "Kazi iendelee. Meza ya watu inangojwa."

"Baba!"

"Nimesema kazi iendelee!"

Mama Sleti alishika ukingo wa meza. Meza yenyewe ilikuwa imekaa katikati ya karakana, fremu yake ya msaji uliokolea kama asali, uso wake wote sleti: msitu mzima wa mawe, miti ya kijivu, miti ya kibuluu, miti yenye wekundu wa kutu. Ilikuwa imebaki kuwekwa miguu ya mpingo. Aliyeiagiza ni Mwenyekiti wa kampuni ya magogo, bosi wa marehemu. Siku ya maziko ndiye aliyelia kuliko wote.

"Baba," alisema, na sauti haikuwa yake. "Wewe ulijua."

Mzee alivua miwani.

"Ulijua!"

"Unadhani nani alimvika suti?" Mzee Randa aliketi juu ya rundo la mbao, taratibu, kama mgonjwa. "Nilisema sitaki mtu mwingine amguse. Nikamgeuza nimvike koti. Nikaona tundu mgongoni. Kidole changu kiliingia, mwanangu. Kidole changu hiki."

"Ukanyamaza."

"Mwenyekiti aliniita pembeni. Akasema ni majambazi wa msituni, wanaijua nyumba hii. Akasema nikifungua mdomo watarudi kummaliza na huyu." Alimwonyesha Utingo kwa kidevu. "Mmoja nilikuwa nimeshamzika. Nilibaki na huyu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningemwambia mkewe!"

"Na ningekwambia, ungekaa kimya?"

"Nisingekaa!"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Mama Sleti alicheka. Kicheko kibaya, cha kukauka. "Unajua mwanangu anaitwaje shuleni? Akipita uwanjani wenzake wanapepesuka. Wanajifanya wanakunywa chupa. 'Mtoto wa mlevi huyo, mpisheni asiwapindukie!' Analala na maneno hayo. Na mimi, baba, mimi mke wake, nilimchukia yule mtu kaburini. Hakuwahi kuonja pombe hata ya harusi yetu, lakini nilisema labda alikuwa akinificha. Mlinifanya nimchukie."

Mzee alifunika uso kwa mikono yake yenye harufu ya vanishi.

"Lete hiyo risasi. Naenda polisi."

"Hapana!"

Aliyepiga kelele hakuwa mzee. Alikuwa Utingo. Alishapiga magoti kwenye unga wa mbao, mikono kichwani.

"Polisi hapana, shemeji. Tafadhali. Polisi hapana."

"Unawaogopa hao majambazi?"

Utingo alitikisa kichwa.

"Uliwaona? Unawajua?"

Akatikisa tena.

"Sasa unamwogopa nani? Sema! Nani alimpiga mume wangu risasi?"

Fundi wa mabati aliacha kugonga.

"Mimi," alisema Utingo.

Msomaji, kama una maji ya kunywa karibu, yanywe sasa.

Mzee Randa aliondoa mikono usoni. Alimtazama mwanawe kama mtu anayesoma maandishi ya lugha asiyoijua. Miezi yote hii alikuwa amekula jiwe, amelala na jiwe tumboni, ili kumlinda kijana huyu dhidi ya muuaji. Kumbe muuaji alikuwa akimpakulia chakula mezani.

"Rudia," alisema mzee.

"Nililenga gogo, baba. Naapa. Nililenga gogo."

"Eleza yote," Mama Sleti alisema. Alikuwa ameshika nyundo yake ndogo ya kuvunjia sleti. Hakukumbuka aliichukua saa ngapi.

Utingo alieleza, pua ikimtiririka. Siku ile Mwenyekiti mwenyewe alikuwepo msituni, akimharakisha mpakiaji pekee aliyebaki. Mnyororo uliachia. Gogo likateleza, likamlalia mpakiaji huyo mapajani. Hakufa. Alilia akiita mama yake.

"Kaka akasema tumtoe tumpeleke hospitali. Mwenyekiti akasema mzigo ule hauna ruhusa. Lori likionekana mjini mchana, kampuni imekwisha. Akasema tuondoke, yule mtu ataangaliwa baadaye. Kaka akazima gari. Akachomoa ufunguo. Akasema, 'Haliondoki hapa bila huyu.'"

Machozi yalianza kumtoka Mama Sleti bila uso wake kubadilika. Huyo ndiye mume aliyemjua.

"Halafu?"

"Mwenyekiti alikuwa amenipa bunduki nilinde mzigo. Akanisogelea akaninong'oneza. 'Mtishe ndugu yako. Piga pembeni, atatoa ufunguo.' Nikalenga rundo la magogo nyuma ya lori. Kaka alikuwa amesimama mbali nalo, shemeji, mbali kabisa. Halafu yule mpakiaji akapiga yowe. Kaka akageuka akamwinamia. Aliinama palepale nilipolenga."

Alijifuta pua kwa mkono.

"Na pombe?" Mama Sleti aliuliza.

"Mwenyekiti alikuwa na chupa garini. Tukammwagia. Tukamweka kwenye usukani. Tukalisukuma lori bondeni. Akasema nikisema neno, kamba ya kunyongwa ni yangu peke yangu, yeye hakugusa bunduki."

"Na mpakiaji?"

"Hakufika jioni."

Nyundo ilipanda. Tusidanganyane: Mama Sleti aliinyanyua, na macho yake yalichagua mahali, juu kidogo ya sikio. Mkono uliovunja mawe siku zote usingekosea. Utingo aliona. Hakujikinga. Aliinamisha kichwa kama anayenyolewa.

Ni mzee aliyeuzuia mkono ule, kwa swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Alisema kitu?"

"Nani, baba?"

"Kaka yako. Kabla hajakata roho. Alisema kitu?"

"Aliniita." Utingo alikuwa akinong'ona. "Kwa lile jina la utotoni. Akauliza, 'Umeumia?' Alidhani kuna mtu anatupiga risasi wote wawili."

Nyundo ilianguka sakafuni.

Mzee Randa alisimama. Alitoa risasi mfukoni, akaukunjua mkono wa mkwe wake, akaiweka humo na kuufunga kwa vidole vyake vilivyojaa makovu.

"Hii ni yako," alisema. "Nisamehe ukiweza. Usipoweza, usijilazimishe."

Honi ililia nje.

Walijua ni ya nani. Pikapu nyeupe, turubai jipya nyuma, vioo vyeusi. Kabla hawajajifuta machozi, Mwenyekiti alishaingia, suti imenyooka, viatu vikikwepa unga wa mbao kama vinakwepa matope.

"Mafundi wangu!" alisema. "Mbona kama kuna msiba?"

"Ulishatokea," alijibu Mama Sleti.

Mwenyekiti hakusikia, au alijifanya hasikii. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza. Alipitisha kiganja juu ya msitu wa sleti, polepole, akifumba macho.

"Mungu wangu! Laini kama maji. Hiki kipande cha kibuluu umekitoa wapi? Wageni wangu watashindwa kula." Alifumbua macho, yakaangukia mkanda uliokatika. "Na huu? Msumeno umegonga nini?"

Mama Sleti alikaza ngumi yake. Risasi ilimchoma kiganja.

"Fundo," alisema.

"Mpingo bwana! Mkaidi kama wanawake wa ukoo wetu." Alicheka peke yake. Halafu akamgeukia Utingo. "Na kijana ana nini machoni?"

"Vumbi," alisema Utingo.

"Vumbi." Mwenyekiti aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikamtoka usoni kama taa iliyozimwa. "Leo karakana hii kila mtu ana vumbi machoni."

Alitazama saa yake.

"Sawa. Nilikuja kumchukua huyu. Kuna safari ya msituni, utingo wangu mpya anaumwa. Panda gari, kijana."

Mama Sleti alielewa, na Utingo alielewa zaidi. Safari ile haikuwa na kurudi.

Na hapa, msomaji, nitakuambia ukweli wa moyo wa mwanamke huyu. Kwa nukta moja alifurahi. Aende! Aende akafie palepale, juu ya magogo yaleyale, mikononi mwa yuleyule aliyemtuma. Yeye angerudi kwenye mawe yake na mikono safi. Ilikuwa rahisi. Ilihitaji kunyamaza tu, na nyumba hii ilikuwa imezoea kunyamaza.

Kisha akamwona binti yake akivuka uwanja wa shule, na wenzake wakipepesuka.

Dunia nzima ilikuwa na mdomo mmoja tu ulioweza kulisafisha jina la dereva yule. Mdomo wenyewe ndio ule, unaotetemeka, wa muuaji.

"Haendi," alisema.

Mwenyekiti aliinua nyusi. "Samahani?"

"Bado miguu ya meza yako. Nani atanishikia gogo?"

"Mzee atakushikia."

"Mzee mgongo unamsumbua. Haendi."

Walitazamana. Mwenyekiti ndiye aliyeanza kutabasamu.

"Una moyo, mama. Marehemu naye alikuwa na moyo." Alifuta vumbi lisilokuwepo kwenye mkono wa koti. "Nilikuwa na haraka hata nimesahau kuwaambia. Nimepita shuleni kwa binti yako. Nikamwona anatembea juani peke yake, nikamhurumia. Nimempa lifti."

Mama Sleti alimsukuma kando.

Alikimbia mlangoni. Pikapu ilikuwa inaunguruma. Dereva asiyemjua alikuwa ameshika usukani, na pembeni yake, nyuma ya kioo kilichoshushwa nusu, binti yake wa pekee alikuwa anakula biskuti. Sare ya shule. Soksi moja juu, moja chini.

"Mama!" Mtoto alipunga mkono.

"Mfungulie ashuke!"

"Atashuka," alisema Mwenyekiti nyuma ya sikio lake. "Mimi ni mtu wa biashara. Gari langu lina nafasi moja tu. Mmoja akishuka, mmoja anapanda."

Mama Sleti aligeuka kumtafuta mzee. Rundo la mbao alipokuwa amekaa lilikuwa tupu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, unacheza na upepo. Ameondoka! Saa hii, saa ya kufa na kupona, mzee ameondoka!

Utingo alisimama. Alijipangusa unga wa mbao magotini, polepole, kama anayejiandaa kwenda kanisani au msikitini. Naye alitazama mlango ule wa nyuma.

"Hata kuniaga hakutaka," alisema.

Alitembea hadi mlangoni, akasimama mbele ya Mama Sleti.

"Shemeji..."

"Usiniite hivyo."

"Mwambie mtoto kwamba baba yake hakuwa mlevi."

Mama Sleti alimshika ukosi wa shati, akamvuta hadi nyuso zao zikakaribia kugusana. Mwenyekiti alidhani anamuaga.

"Utamwambia wewe," alinong'ona kwa meno yaliyofungana. "Mbele ya polisi, mbele ya walimu wake, mbele ya kila aliyecheka. Usithubutu kufa kabla hujasema. Unanisikia? Ruka, kimbia, tambaa, ng'ata mtu. Usithubutu kufa."

Utingo aliitikia kwa macho. Kwa mara ya kwanza tangu maziko, alimtazama bila kukwepa.

Kufuli ya mlango ililia. Mtoto alishuka, biskuti mkononi. Utingo alipanda. Walipopishana alimgusa kichwa mtoto wa kaka yake, kidogo tu, kama anayegusa kitu cha moto. Mwenyekiti aliingia wa mwisho, akafunga mlango kwa adabu.

"Miguu ya meza isichelewe," alisema dirishani. "Nitatuma mtu."

Pikapu iliondoka, turubai likipigapiga nyuma.

Mama Sleti alimkumbatia mtoto palepale barabarani, akimpapasa mikono, shingo, mgongo, kana kwamba anahesabu kama yote yapo.

"Amekufanya nini? Niambie. Amekushika?"

"Amenipa biskuti. Mama, unaniumiza."

"Alikuuliza nini?"

"Kama wewe hulia sana nyumbani. Nikasema zamani, siku hizi unapiga mawe tu." Mtoto alitazama barabara ambako vumbi lilikuwa likitua. "Mama, babu anakwenda wapi?"

"Babu yupo. Ametoka nyuma mara moja."

"Hapana. Nimemwona kwenye kioo cha pembeni."

"Umemwona wapi?"

"Alizunguka ukuta, akapanda nyuma ya gari, akajifunika lile turubai. Nilitaka kumwita." Mtoto aliweka kidole mdomoni. "Akanifanyia hivi."

Mama Sleti alimburuta mtoto hadi ndani, hadi kwenye ukuta wa vifaa vya mzee, ambako kila kifaa kina msumari wake: randa kubwa, randa ndogo, tupa, misumeno ya mkono, patasi zimepangwa kuanzia nyembamba.

Msumari wa patasi pana ulikuwa mtupu. Ile ambayo mzee huinoa kila asubuhi na haruhusu mkono mwingine uiguse.

Ndani ya gari lile walikuwemo watu wawili ambao mzee yule alikuwa na kila sababu ya kuwachinja. Mmoja aliamuru. Mwingine alifyatua, na huyo ndiye mtoto pekee aliyembakia duniani, na ndiye mdomo pekee.

Mama Sleti alisimama mbele ya msumari ule mtupu, mkono mmoja umeshika risasi, mwingine umeshika mtoto, na hakuweza kujua patasi ile imebebwa kwa ajili ya shingo ya nani.